Kuku Mweupe wa Meno ya Talato

Talato binti Noraogo alikuwa na meno. Najua, kila mtu anayo, hata mbuzi anayo. Lakini ukiwaambia watu wa Tamsogo kwamba Talato alikuwa na meno, hawakuulizi mara mbili. Yale ya juu, ya mbele, yalikuwa makubwa, meupe pe, na yalitangulia. Mdomo ulijaribu kuyafunika tangu utotoni, ukashindwa, ukaacha. Afunge kinywa asifunge, yenyewe yalikuwa nje yanaangalia nani anapita.

Ndiyo maana hakuachana na mtandio. Joto liwake, jasho limtiririke, mtandio ulipita chini ya pua ukafungwa kisogoni. Na asipokuwa na mtandio, basi mkono. Mkono wake wa kushoto uliijua njia ya kwenda mdomoni kuliko wa kulia ulivyoijua njia ya bakuli. Akitaka kusema neno, mkono. Akipiga chafya, mkono. Kucheka ndiyo usiseme, maana mbele za watu hakucheka kabisa. Alicheka kwa mabega tu, yakitikisika, na aliyemwona kwa nyuma alidhani analia.

Wachumba walikuja wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Wote aliwajibu kwa kichwa, ndiyo na hapana, mpaka wakarudi kwao wakasema mzee Noraogo alitaka kuwaoza bubu. Bubu! Laiti wangejua yaliyokuwa kichwani mwa yule bubu. Wa kwanza alipokaa akakunja nne, Talato alivitazama viatu vyake vilivyochongoka, akajisemea, "Huyu akimkanyaga mchwa, mchwa ataenda kushtaki kwamba kachomwa mkuki." Wa pili alijisifia ng'ombe zake kuanzia asubuhi mpaka chakula kikaletwa, na Talato akajisemea, "Ng'ombe wote hao, na shati halina vifungo." Maneno matamu namna hiyo, na yote yakaishia nyuma ya mtandio.

Kazi yake ilikuwa kupika pombe ya mtama, na katika hiyo hakuwa na mpinzani. Aliloweka mtama, akauotesha, akaukausha juani, akausaga, akaupika siku mbili kwenye mitungi mikubwa ya uani, akauchuja na kuutia chachu. Lakini kuuza hakuuza. Kilabuni, chini ya banda la nyasi, aliyekaa na kata mkononi alikuwa shangazi yake Bibata, mwanamke mnene mwenye sauti ya kupigia kelele ndege shambani. Wanywaji walimsifu Bibata. "Bibata, leo umeiweza!" Bibata naye, Mungu amsamehe, aliitikia.

Mtu mmoja tu alipokea pombe kutoka mkononi mwa Talato mwenyewe, na huyo ni baba yake. Kila mtungi ulipoiva, kibuyu cha kwanza kilikuwa cha mzee Noraogo. Alikaa kwenye kigoda chake ukutani, akanywa funda moja, akafumba macho, na kila mara akasema lile lile, "Hii itawagombanisha watu." Hapo Talato alijua imekubali.

Sasa, Wamosi wa Tamsogo na Wasamo wa upande wa Toma ni watani, na utani wao si wa kubembelezana. Msamo akimkuta Mmosi njiani humwita mtumwa wake, akamuuliza mbona amechelewa kutoka shambani. Mmosi naye humuuliza Msamo mbwa wa jirani kaenda wapi, na je, supu yake ilikolea? Hakuna kununa. Anayenuna ameshindwa, na faini juu. Siku za soko Wasamo walijaa pale kilabuni, na aliyewashinda wote kwa ulimi alikuwa mzee Zerbo, muuza kamba na mikeka, rafiki wa Noraogo tangu walipokuwa vijana. Huyo hakumwogopa mtu. Alimwambia chifu, mbele ya wazee wake, kwamba kofia yake ingefaa zaidi kutagia kuku. Chifu mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Bibata alitaniwa unene wake. Bukari, mdogo wake Talato, kitinda mimba, alitaniwa anavyojitazama kwenye kila kioo cha pikipiki. Kipofu aliyekaa mlangoni alitaniwa, akajibu, wakalipana. Talato akipita na mtungi kichwani, Zerbo alimtazama, akafungua kinywa, kidevu kikamtetemeka kidogo, kisha akakifunga na kuomba aongezwe pombe.

Haikuwa hivyo zamani. Talato alipokuwa mtoto, meno ya utotoni yametoka na haya mengine yameingia kwa fujo yake, Zerbo alimwita hadharani akamgeuza huku na huku, akasema, "Noraogo, mtoto wako huyu anaweza kula mahindi ya jirani bila kuruka ua!" Kilabu kizima kikapasuka. Talato akakimbia akajificha nyuma ya ghala, akalia mpaka kwikwi ikamkaba. Jioni akakataa kula kwa kuwa watu wangemwona akitafuna. Baba yake alikuja akakaa naye pale chini, akamshika kichwa.

Na kuanzia pale, kimya. Hakuna Msamo aliyetaja tena meno yake, si mkubwa si mdogo, si sokoni si harusini. Mwanzoni Talato alishukuru. Baadaye, alipokua na akili ikampevuka, kile kimya kikaanza kumtisha. Wasamo hawa walimtania chifu, walimtania kipofu, walitania hata maiti! Sasa, jambo gani hilo ambalo hata mtani analiogopa? Jibu alijipa mwenyewe, na liliumiza kuliko kicheko chochote: meno yake hayakuwa ya kuchekesha, yalikuwa ya kusikitisha. Watu hukicheka kilema, lakini msiba hawaucheki. Akakaza mtandio.

Kiangazi kile, upepo wa vumbi ulipoanza, mzee Noraogo alishikwa na kifua. Siku moja alimwita Talato pale ukutani.

"Mwanangu, siku yangu ikifika, Zerbo ataingia kaburini mwangu. Tuliahidiana hivyo ujanani. Mimi ningetangulia, angeingia yeye. Angetangulia yeye, ningeingia mimi."

"Baba, acha maneno hayo."

"Siachi. Sikiliza. Katika ukoo wetu anayemtoa mtani kaburini ni kifungua mimba, awe wa kiume awe wa kike. Atamtoa kwa mdomo wake, si kwa nguvu. Na kifungua mimba wangu ni wewe."

"Bukari yupo," Talato akasema, mkono mdomoni.

"Bukari akitaniwa hununa mpaka jioni."

"Baba, mimi siwezi. Watu wote wale... siwezi, baba. Nisamehe."

Mzee alimtazama, akautazama na ule mkono wake. Alitaka kusema neno, lakini kikohozi kikamshika, na kilipomwachia neno lilikuwa limepita. Akaomba maji.

Alikufa siku ya pombe. Talato alimpelekea kibuyu cha kwanza asubuhi kama kawaida, mzee akanywa funda moja, akafumba macho, akasema kwa sauti ndogo, "Hii itawagombanisha watu." Talato akarudi kwenye mitungi yake moyo mweupe. Bibata alipokwenda kuchukua kibuyu alikikuta kitupu, na mzee ameegemea ukuta, hayupo tena.

Sitaki kueleza vilio vya siku ile. Noraogo alikuwa mzee aliyeona wajukuu wa ndugu zake, na kifo cha mtu kama huyo hapa kwetu kina ngoma na vyakula kama vya harusi. Lakini kwa Talato haikuwa harusi. Alikuwa amefiwa na mtu pekee aliyeonja pombe yake akijua ni yake.

Wasamo walifika kesho yake, jua likianza kukaza. Uliwasikia kabla hujawaona. Wanawake wao walikuja wamevaa nguo kinyumenyume, wanapiga masufuria, wanalia kilio cha uongo. "Uwii, mtumwa wetu! Katoroka na kamba zetu!" Mmoja wao alinyakua fimbo ya marehemu na kofia yake, akatembea uani ameinama vile vile alivyoinama Noraogo, akakohoa kile kile kikohozi chake cha asubuhi, akamwambia mbuzi, "Hii itawagombanisha watu." Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Talato alichungulia kwa mlango wa jikoni. Ilimuuma, na bado akatamani yule mama asiache.

Shimo lilikuwa limechimbwa nje ya ua, karibu na shamba. Wachimbaji walipokwenda kunywa maji, waliporudi walimkuta mtu ndani. Zerbo, na mvi zake zote, amekaa chini kabisa ya kaburi, amekunja miguu, anatafuna kokwa ya kola.

"Nyumba nzuri hii," akasema. "Mimi sitoki. Nendeni mkamwambie mtumwa wangu aamke aende shambani, ameshalala vya kutosha. Mkitaka nitoke, aje kifungua mimba wake anitoe."

Akaja Bukari badala ya dada yake. Amevaa kanzu mpya, amenyoa vizuri, anapendeza kweli kweli. Zerbo alimtazama kutoka chini.

"Bukari, hiyo kanzu umeivaa kumzika baba au kutafuta mke?"

"Mzee Zerbo, tafadhali, heshimu maiti."

"Lo! Sikilizeni! Ananifundisha adabu nikiwa kaburini! Umejitazama kioo gani leo, cha pikipiki au cha maji ya ng'ombe?"

"Nimesema inatosha!" Bukari akafoka, mishipa ya shingo imemtoka.

"Amenuna! Amenuna!" wanawake wa Kisamo wakaruka wakipiga masufuria. "Faini! Faini!"

Ikatolewa faini, mtungi wa pombe, ukanywewa. Zerbo hakusogea. Wazee wa ukoo wakajaribu, akawaambia kila mmoja lake, akawarudisha nyuma. "Nimesema kifungua mimba," akazidi kushikilia. "Hii ahadi yangu na mwenye nyumba, si yenu." Mwili umefungwa mkekani, umelazwa chini kando ya shimo, na kile kivuli kidogo cha ukuta kilikuwa kinarudi nyuma polepole. Hakuna wa kumtoa mtani kwa mikono. Anayefanya hivyo amemtukana marehemu, na ukoo huo hautaalikwa popote.

Bibata alikwenda jikoni. Alimkuta Talato amechuchumaa kati ya mitungi, mtandio umefungwa mpaka macho tu ndiyo yanaonekana.

"Wewe, toka."

"Shangazi, siwezi."

"Huwezi nini? Miguu unayo."

"Watanitazama. Watanyamaza, wote, kama wanavyonyamaza siku zote. Baba amelala pale, na mimi nikatazamwe namna ile mbele yake? Afadhali wanizike mimi."

Bibata alikuwa na maneno mengi, lakini safari hii alisema machache. "Talato, baba yako yuko juani."

Hayo yalimtosha. Mtu anaweza kubishana na mengi, lakini si na jua linalompiga baba yake. Talato alisimama, akatoka.

Umati ulimpisha. Na kweli, kama alivyosema, kimya kikashuka. Masufuria yakaacha. Wanawake wa Kisamo wakatazama chini. Talato akasogea mpaka ukingoni mwa shimo, akasema nyuma ya mtandio, "Mzee Zerbo, tunaomba utoke."

"Nani anaongea?" Zerbo akauliza, lakini sauti yake ilikuwa imepoa. "Naona kitambaa tu."

"Mimi. Talato."

"Aha. Basi sema." Akainamisha kichwa, akatafuna kola yake. Hakumtupia hata neno moja la utani.

Hapo kitu kikakatika ndani ya Talato. Miaka yote ile ya kukaza mtandio, wachumba wawili, vicheko vyote alivyovimeza, na leo, baba yuko juani, bado huyu mtu anamwonea huruma!

"Zerbo!" akapaza sauti, na watu wakashtuka, maana wengine hawakuwahi kuisikia. "Umemtania Bukari, umewatania wazee, na maiti umeitania. Mbona mimi hunitanii? Mimi si mtoto wa mtani wako? Meno yangu yana nini hata wewe uyaogope?"

Zerbo alinyanyua uso. Alimtazama, akawatazama watu, akakuna mvi zake, na mara akaonekana kama mtu aliyekamatwa na mali ya watu.

"Siwezi," akasema. "Nilikula kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku mweupe! Wa baba yako! Siku ile ulipolia nyuma ya ghala, baba yako alinifuata njiani na kuku mweupe na mtungi wa pombe. Akaniambia, Zerbo, mtanie mtu yeyote, mtanie mama yangu, lakini meno ya mtoto huyu yaache, wewe na Wasamo wenzako wote. Nikamwambia, Noraogo, utani haununuliwi, hata wahenga hawajaona jambo kama hilo. Akalia. Rafiki yangu, mwanamume mzima, alilia. Nikamla kuku." Zerbo akapiga mchanga wa kaburi kwa ngumi. "Na tangu pale nimeteseka! Talato, hujui nilivyoteseka! Meno kama yale, yanapita mbele yangu kila siku ya soko, na mimi nimefungwa na kuku! Nimekonda! Muulizeni mke wangu, usiku naamka nimepata neno zuri, sina pa kulipeleka!"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mwingine akashindwa kujizuia.

Talato alisimama palepale. Alimtazama yule aliyelala mkekani. Hasira ilimpanda, ndiyo, kwa baba yake, papo hapo mazishini. Baba alitaka kuwafunga watu midomo, akamfunga yeye. Maisha yake yote alidhani yeye ni msiba, kumbe ilikuwa kuku tu! Kuku mmoja, aliyetolewa na mtu aliyeshindwa kuvumilia machozi ya mtoto wake. Na ile hasira ilipofika kooni ikakutana na mapenzi yanashuka, vikagongana, hakujua kipi ni kipi. Mabega yakaanza kutikisika.

"Aliyekufunga amelala hapa," akasema. "Na mwenye meno ni mimi. Nakufungulia."

Akashika mtandio kwa nyuma, akaufungua, akautupa.

Zerbo alimeza kola yake nzima. Akasimama ndani ya kaburi, akasugua viganja, macho yanamng'aa kama ya mtu aliyeona chakula baada ya mfungo.

"Ee Mungu, asante. Sikilizeni! Meno haya yanafika sokoni kabla yake! Tukiyaona tunasema, kesho Talato anakuja!"

"Yanatangulia kuwaficha mbwa," Talato akajibu bila hata kufikiri. "Wakisikia Zerbo yuko njiani, kijiji hakibaki na mkia."

Watu wakalipuka. Bibata alipiga yowe la furaha likawarusha kunguru. Na Talato, wallahi, mkono wake ulinyanyuka kwenda mdomoni, ukafika kifuani, ukakwama.

"Mvua ikinyesha kidevu chake hakilowi!" Zerbo akapiga kelele.

"Hakilowi, ndiyo, na kuku wa jirani hujibanza papo hapo na vifaranga vyao. Wewe ndiye wa kuhurumiwa. Nyumba yako ya Toma, mvua ikianza, unatoka nje kutafuta pakavu!"

"Wee! Wee!" wanawake wa Kisamo wakaanza kupiga masufuria, lakini safari hii walimpigia yeye. "Mzee, umepata wa kukupata!"

"Akinywa maji," Zerbo akasema, machozi ya kicheko yanamtoka, anashika ukingo asianguke, "akinywa maji, kibuyu kinagonga hodi!"

"Kinagonga hodi kwa kuwa kina adabu. Wewe umeingia nyumbani kwa baba yangu bila hodi."

Hapo hata Bukari aliyenuna alicheka, akasahau kanzu yake, akakaa vumbini. Zerbo alikuwa anahema. Lakini mtani hodari hatoki na neno moja limebaki mfukoni. Akainua kidole.

"Na hilo la mwisho nimelitunza miaka mingi, Talato, niwie radhi. Mwenye majembe mawili kama hayo mdomoni, mbona hukuja kuchimba kaburi mwenyewe, ukawatesa vijana wa watu?"

Kila mtu akamgeukia. Talato alichuchumaa ukingoni, uso wake karibu kabisa na wa yule mzee, akatabasamu kwa meno yake yote.

"Mimi si wa kuchimba, mzee. Mimi ni wa kufukia. Usipotoka humo sasa hivi, nitainama nifukie kwa haya haya, na wewe ukiwa ndani. Baba anakwenda safari ndefu, na alikuwa anatafuta mtumwa wa kumbebea kibuyu."

Nikwambie nini? Watu waligaragara. Kipofu wa kilabuni aliomba arudiwe, akarudiwa, akacheka mara ya pili. Wanawake wa Kisamo wenyewe ndio walioinama wakamshika Zerbo mikono, "Toka, toka, umeshindwa, usituaibishe," wakamvuta juu amejaa mchanga. Alipofika juu alikuwa bado anacheka, kisha kicheko kikageuka, na yule mzee aliyemtania chifu akaanguka kando ya mkeka akalia kwa sauti, kilio cha kweli, anaupigapiga mkeka polepole kama mtu anayemwamsha mwenzake. "Noraogo," akasema. "Noraogo, umesikia? Umemsikia huyu?"

Talato alichuchumaa karibu naye. Alilia kinywa wazi, na watu wote waliyaona meno yake yakilia, na hakuna aliyetazama chini.

Wakamzika mzee Noraogo kabla ya adhuhuri, na safari yake ikawa njema.

Siku za maombolezo zilipokwisha, Talato aliloweka mtama. Pombe ilipoiva, siku ya soko, alikwenda bandani akamwambia Bibata, "Shangazi, leo nipe hiyo kata." Bibata alimtazama, akataka kubisha, akaona heri ampe. Kisha mwenyewe akageuka mteja. Alikaa mbele kabisa, akawa wa kwanza kulipia na wa kwanza kusema, "Talato, leo umeiweza."

Zerbo alifika na mikeka yake begani na kuku mweupe kwapani, amefungwa miguu.

"Huyu namrudisha," akasema. "Yule nilimla kwa jina lako, akanikaa tumboni miaka yote hii kama jiwe."

"Umrudishe kwa nani, na mwenyewe ndiye huyo amelala? Mpe shangazi amchinje, tule wote. Ila wewe Msamo umeizoea nyama nyingine, sijui kama utaiweza hii."

"Mnasikia? Mtumwa wangu kapata kilabu, hashikiki! Funga mlango, Talato, upepo unapiga meno yako unatoa mluzi, wateja wanadhani ni treni!"

Kilabu kikalipuka, na Talato akacheka nao, kwa sauti, mpaka mtu aliyekuwa anapita njiani na punda wake akasimama kutazama ni nani huyo. Mkono wa kushoto ulianza safari yake ya zamani, lakini ulikuwa umeshika kibuyu, na kibuyu kilikuwa kimejaa.

Kibuyu chenyewe hakikuwa cha mteja. Kilikuwa cha kwanza, kutoka mtungi wa kwanza. Alimwachia Bibata kata, akatoka nacho mpaka ng'ambo ya ua, kando ya shamba, kwenye ule udongo ambao bado ulikuwa laini. Akachuchumaa, akamimina kidogo kidogo, akingoja kama alivyokuwa akingoja siku zote pale ukutani. Udongo ukanywa. Hakuna aliyesema itawagombanisha watu, kwa hiyo akasema mwenyewe.

Kisha akabaki pale. Aliyatembeza meno yake kwa ulimi, moja baada ya jingine, jinsi yalivyo marefu, jinsi yalivyo mengi, akakumbuka bei aliyoilipa baba yake, na mabega yakaanza.

"Lakini baba," akasema, "meno yote haya, kuku mmoja tu?"

Akacheka peke yake pale kando ya kaburi, kinywa wazi, mikono yote miwili imeshika kibuyu kitupu.